Namba 1007

Ofisi ya chai, Tukuyu, mwezi wa sita.
Ukungu umeingia bila kubisha,
umekalia kiti cha wageni.
Nimevaa soksi mbili mbili, na kompyuta ya mizani
inahema kama ng'ombe aliyepandishwa kutoka Masoko.

Wanachama wana swali moja tangu Pasaka:
ni nani anayeweza kugusa kilo zetu?
Mwenyekiti Mwasandube akanigeukia.
"Ipyana, mashine inajua. Iulize."

Inajua, ndiyo. Inajua kwa namna yake.
Faili la mizani limebeba ubavuni orodha ya ruhusa,
biti kwa biti, isiyo na jina wala salamu.

Nikaandika kwa C, lugha isiyombembeleza mtu.
Mstari wa kwanza unaomba orodha.
Wa pili unakagua: umepewa, au umerudishiwa NULL?
Aliyerudi mikono mitupu usimdai mzigo.
Wa tatu, acl_to_text, ndio mkalimani:
biti zinaingia huku, maandishi yanatokea kule.
Lakini maandishi yenyewe ni r, ni w, ni kistari,
na mama Atupakisye wa Katumba
hakushuka na mvua yote hii kuja kusomewa kistari.
Nikazungusha kitanzi, herufi baada ya herufi:
penye r, andika "anasoma";
penye w, "anaandika";
penye kistari, nyamaza.

Mara ya kwanza ilianguka. Nilisahau sifuri ya mwisho,
ile inayoiambia sentensi "umefika, keti,"
programu ikapitiliza, ikasoma hadi shamba la jirani.
Mara ya pili printa ikakohoa, ikatoa:

     Mwenye faili: anasoma, anaandika
     Lugano: anasoma
     1007: anasoma, anaandika
     Kundi: anasoma
     Barakoa: anasoma
     Wengine:

1007.
Mashine ilitafuta jina, ikakosa, ikatoa namba,
kama mtu aliyesahau sura akakumbuka kikohozi.

Nikafungua daftari la karatasi, lenye jalada jekundu
na harufu ya mafuta ya taa.
1007: Subilaga Mwakatumbula, karani wa mizani.
Mwandiko wake mwenyewe, saba yenye mkato katikati.
Tulimzika Machi, mvua ikilijaza kaburi kabla yetu.
Akaunti yake niliifuta mimi, wiki ileile,
nikadhani nimemaliza.

Mkutanoni nikasoma karatasi kwa sauti.
"Kumbe marehemu ndiye anatupunja?" akasema mtu wa nyuma.
Nikawaeleza barakoa: ruhusa ya jina hupita chini yake
kama unga chini ya chekeche.
Subilaga alipewa kuandika; barakoa ilimbakizia kusoma.
Anayeandika ni mwenye faili, na mwenye faili ni mizani yenyewe.
(Springi ilikuwa na kutu. Tuliiona Jumanne,
baada ya kulaumiana vya kutosha.)

Atupakisye akasema, kama anaongea na kikapu chake,
"Anasoma tu? Mwacheni asome.
Alipenda hesabu zikae sawa."
Hakuna aliyecheka.

Mimi najua ninachokijua. Namba isiyo na mwenyewe haijazikwa.
Tukiajiri kijana mwezi ujao, mashine itaiokota, itampa,
naye ataamka ana mkono wa Subilaga bila kujua,
na siku mtu akilegeza barakoa, ataandika.
Kwa hiyo ifutwe. Usiku huu.

Mstari wa mwisho wa programu ni acl_free.
Kumbukumbu uliyoazima, irudishe.
Usiporudisha, mashine haikudai;
inajaa tu, polepole, hadi siku inakataa kuamka.
Nimerudisha maandishi. Nimerudisha orodha.

Kidole kiko juu ya kitufe.
Nje, lori la majani mabichi linarudi kinyumenyume
likilia pi, pi, pi.
Ile karatasi nimeikunja mara nne,
nimeilaza ndani ya daftari jekundu,
penye saba yenye mkato.